Umande Kwenye Ufuta

Sisi wa Robanda ufuta tuliupanda kwa sababu ya tembo. Mahindi anakula, mtama anakula, hata kibuyu cha maziwa cha mke wangu aliwahi kukipasua, lakini hiyo ni habari nyingine. Ufuta hauonji, anaukanyaga tu akipita.

Mwaka juzi ufuta wangu umeanza maua nikaona madoa ya kahawia kwenye majani, yana kona kona, kama yamelowa. Yalikuwa upande wa juu tu, mpakani, ambako mke wangu huacha mlenda pori uote, maana ndio mboga yetu. Mlenda ule na ufuta ni ndugu, tazama ua lake utajua. Bwana shamba akaja, akageuza majani ya ufuta na ya mlenda, madoa ni yale yale. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikamwomba aseme polepole. Akasema ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na jani likishaugua haliponi. Vinasafiri na maji. Mtu akipita kwenye umande anavibeba kwenye nguo mpaka kwenye mimea mizima. Tung'oe iliyougua, mlenda nao, na asiingie mtu mpaka jua likaushe majani.

Tulipong'oa, mke wangu hakusema na mimi siku nzima.

Haijapita wiki, tembo wakamaliza mahindi yote. Ukabaki ufuta, ndio tungeuza tupate unga. Na huku kwetu ukiingiliwa na tembo, majirani hawakupi pole mlangoni. Wanaingia shambani na wewe, wanatembea mpaka waone kila kilichovunjwa. Marehemu mama yangu aliwahi kutembea hivyo shamba la mwanamke ambaye walikuwa hawasalimiani.

Asubuhi nikawaona wanakuja, kaka yangu mkubwa mbele na fimbo yake. Kinjia cha kwenda kwenye mahindi kinakatiza ufuta, kinaanzia palepale palipougua. Umande ulikuwa unadondoka, kanga za wanawake zimeshalowa. Nikakimbia, nikasimama katikati ya kinjia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Pole, mdogo wangu. Twende tukaone."

Nikamwambia tungoje jua, majani yaliyobaki bado yana ugonjwa, tutausambaza kwa miguu yetu.

"Tembo wamepita hujawauliza kitu," akasema. "Mwenye ugonjwa ni mimi?"

Mmoja nyuma akadakia kwamba siku hizi pole inaombewa kibali kwa bwana shamba. Hakuna aliyecheka. Nikaeleza tena, na kadiri nilivyoeleza ndivyo maneno yalivyogeuka matusi mdomoni mwangu. Kaka akanyanyua mguu. Nikamwekea mkono kifuani. Huyu ndiye aliyesimama nyuma yangu siku ya jando, na sikuwahi kumgusa hivyo. Moyo wake niliusikia unapiga kiganjani.

Akaushusha mguu.

"Siku ukifiwa," akasema, "tutakaa njiani hivi hivi."

Akageuka, wengi wakamfuata. Wachache walikaa kwenye nyasi pamoja nami, tunatazama mawingu. Jua lilichelewa. Majani yalipokauka tukaingia.

Upande wa chini ulisalimika, tukavuna, unga ukapatikana. Kaka namwamkia kila tukikutana, na anaitikia. Ila mke wangu sasa anaumwa kifua, hajatoka kitandani tangu mvua zianze, na nikisikia hatua za watu uani natoka haraka kutazama kama kaka naye yumo. Bado hajafika.