Mikono Kumi na Miwili kwa Rubani Mmoja

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku tatu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na nilikuwa nimechoshwa na jinsi mama alivyoniuliza "umeamkaje" kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa. Kwa hiyo kampuni moja ya utafiti kutoka Nairobi ilipotafuta vijana wa Nakuru wa kuendesha vikao vya maoni, sikuuliza maoni ya nini. Mimi ambaye nyumbani nimepewa jina la Swali, mimi niliyewahi kufukuzwa shule ya Jumapili kwa kutaka kujua nani aliyemwandikia Musa habari za kifo chake mwenyewe, sikuuliza.

Niliambiwa asubuhi ya kwanza, katika ukumbi wa hoteli kando ya barabara kuu. Msimamizi wetu, kijana aliyevaa viatu vya ngozi bila soksi, alitugawia karatasi. Alisema mashirika ya ndege yamebanwa na gharama. Mafuta hayapunguziki, ndege hazipunguziki, ila watu wanapunguzika. Teknolojia imefika mahali ambapo rubani mmoja anaweza kutosha, angalau ndege ikishatulia angani. Kilichobaki ni kujua kama abiria wako tayari.

"Na marubani wameulizwa?" nikasema.

"Boss, sisi tunashughulika na soko," akajibu akitabasamu.

Dada yangu ni rubani wa pili. Kwa miaka mitatu amekaa kiti cha kulia katika ndege ndogo za abiria za kampuni ambayo sitaitaja. Nilipaswa kuzirudisha zile karatasi mezani na kwenda zangu. Nilizikunja nikazitia kwenye begi.

Swali lililolengwa lilikuwa moja, mengine yote yalikuwa ya kulisindikiza: "Ikiwa mitambo ya kisasa inaweza kufanya kazi ya rubani wa pili kwa usalama uleule, je, ungependa kunufaika na nauli nafuu?" Lilikuja kwa Kiingereza, nami ndiye niliyelitia Kiswahili. Nililitia vizuri. Msimamizi alilisoma mara mbili akasema linateleza. Bila shaka liliteleza, maana jibu lilikuwa limeshapikwa humo ndani, mhojiwa akabakishiwa kumeza tu. Nani atakataa usalama uleule? Nani atakataa nafuu? Na ni nani aliyewahi kuupima huo usalama?

Kisha tukaambiwa kila mmoja alete wasafiri kumi na wawili wa ndege kesho yake saa nne. Nilimwuliza msimamizi nitawatoa wapi Nakuru wasafiri wa ndege kumi na wawili kwa usiku mmoja. Akaniambia si lazima wawe wamesafiri. Waweza kuwa wasafiri watarajiwa.

"Mtarajiwa ni nani?"

"Ni mtu yeyote anayepumua, boss."

Nilimpigia simu mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kanisani kwetu, mtaa wa Section 58. Ni mwanamke mpana, mchuuzi wa viazi, ambaye hajawahi kushindwa kujaza ukumbi. Sikumwambia mada. Nilimwambia kuna mkutano, kuna chai na sambusa. Nilijua mama yangu yumo katika kikundi hicho. Nilijiambia kwamba kesho yake ni Alhamisi, siku yake ya kwenda shambani Njoro, kwa hiyo hatakuja.

Alikuja. Alivaa ile saa yake ya Jumapili, akaketi mstari wa pili, akanitazama nilivyosimama mbele na kalamu kama anayemtazama mwanawe akihubiri.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu mama. Juu ya televisheni yetu kuna picha ya dada akiwa na sare na kofia. Kanisani huombewa kwa cheo: "rubani wetu." Mama hajawahi kupanda ndege, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mbele kuna viti viwili na kwamba cha mwanawe si cha kapteni. Mimi nilitaka kumwambia, maana sipendi mambo nusunusu, lakini dada alinizuia. "Wacha mathe afurahie. Ndege anayoendesha yeye kichwani haijawahi kuanguka."

Ni dada huyohuyo aliyenieleza Krismasi iliyopita, tukichambua njegere, kazi yake ni nini hasa. Mmoja anasoma orodha, mwingine anajibu. Mmoja anashika usukani, mwingine anatazama. Siku moja, wakishuka katika mawingu, kapteni mwenye nywele nyeupe aliweka namba isiyo sahihi ya kimo cha ndege. Dada alitaja namba iliyo sahihi, basi. Kapteni akarekebisha, akasema asante, wakatua, abiria wakachukua mizigo yao. "Hiyo ndiyo kazi yangu," akasema. "Kusema namba moja mara moja kwa mwaka."

Pale ukumbini nilisoma swali. Kisha mama mmoja wa nyuma, ambaye mumewe hufanya kazi Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, akainua kidole.

"Huko kwa mzee wangu wanakaa wawili kuangalia geji. Wawili, hata Krismasi. Na ile mashine iko chini, haiendi mahali. Sasa hii ya kuruka ndiyo inabaki na mmoja?"

"Na huyo mmoja akishikwa na tumbo?" mwingine akadakia. "Ama hao hawaendi choo?"

"Ataenda na usukani!"

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Mimi nilikuwa naandika haraka nisipoteze neno. Msimamizi akaniinamia. "Hiyo usiandike. Tunataka mikono tu." Kisha akawageukia kwa upole wa kuchukiza. "Akina mama, hilo ni swali zuri sana, na wataalamu wanalishughulikia. Sasa, wanaokubali nauli nafuu?"

Mwenyekiti alitazama sahani za sambusa, ambazo sasa zilikuwa tupu. Akainua mkono. Katika kikundi kile mwenyekiti haachwi na mkono wake hewani peke yake, ni aibu kwa wote. Mikono ikapanda mmoja baada ya mwingine. Wa Olkaria ulipanda pia. Kisha nikaiona ile saa ya Jumapili.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: mama, rubani wa pili ni mwanao. Msimamizi alikuwa amesimama kando yangu akihesabu kwa midomo. Niliandika kumi na mbili.

Nilimwambia jioni, jikoni, akisonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Kwa hiyo kuna mwingine anayeendesha?"

"Wanaendesha wote wawili, mama. Yule wa kwanza akikosea, yeye ndiye anayeona."

"Na wewe ulikuwa unajua, umesimama pale mbele?"

"Nilijua."

Alipakua, akaniwekea sahani, akafunika ya kwake. Kisha akasema, "Basi nenda ukautoe mkono wangu."

Nilikwenda asubuhi. Nilimkuta msimamizi akifunga kompyuta yake. Nilimweleza kwamba mhojiwa mmoja ana uhusiano na jambo lenyewe, kwamba kumi na wawili wote hawajawahi kukanyaga kiwanja cha ndege, kwamba swali lilikuwa limepinda. Alisikiliza vizuri, kama walivyofundishwa kusikiliza. Akasema ripoti imeshatumwa na ilipendeza sana, hasa Nakuru, ambako uungaji mkono ulikuwa wa asilimia mia. Mdomoni nilibaki na ladha ya Kiswahili changu kilichoteleza.

Niliporudi nilimkuta mama akipiga simu. Alikuwa akiwafuata wenzake mmoja mmoja, akiwaeleza habari ya viti viwili, jambo lililomgharimu, kwa kuwa ilibidi kila mara aseme kwamba mwanawe hukaa kile kingine. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa mwisho. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Pole sana, mama rubani," mwenyekiti alisema, na nadhani alisikitika kweli. "Lakini sasa tutafanya nini? Chai tulishakunywa."

Mama alikata simu, akaketi akiitazama ile picha juu ya televisheni.

"Kesho anaruka?" akaniuliza.

"Asubuhi."

"Na yule mwingine yuko?"

"Bado yuko, mama."