Miguu ya Mayo

Binti yangu Kabibi ni mbunge, nami namwita mayo. Mayo ni mama kwa Kigiriama. Wageni hucheka, ati mzee mzima anamwita mwanawe mama! Wacheke wapendavyo. Nilimpa jina la mama yangu aliyenizaa, kama ilivyo desturi yetu, na kwetu aliyepewa jina ndiye mwenye jina. Akiwa bado na meno ya utoto alikuwa akinishika sikio na kuniita kwa jina langu, kama alivyoniita mama: "Ziro, umekula bila kunawa!" Nami huondoka nikanawe.

Akasoma, akawa wakili, akapanga ofisi Malindi juu ya duka la vitambaa la Bwana Tribhovan. Kesi zake zilikuwa za mashamba. Sisi huku ardhi tunayo, hatimiliki hatuna. Kwa hiyo mteja akiingia, Kabibi haulizi karatasi. Huuliza, "Makaburi yenu yako wapi?" Kisha huenda mwenyewe, akavua viatu, akasimama kimya huku mteja akimtajia waliolala pale. Mawakili wenzake walimfanyia mzaha, wakimwita wakili wa maiti. Alishinda kesi mbele ya macho yao, watu wakampenda, mwisho wakampigia kura mpaka Bungeni.

Lakini kabla ya kura kuna langu mimi. Nikijilaza mchana baada ya kula, marehemu mama yangu alikuwa akinijia ndotoni. Husimama mlangoni, leso imeloa mpaka magotini, chumvi imekauka ukingoni. "Ziro," husema, "miguu yangu inapata baridi." Hasemi zaidi. Naamka nina ladha ya chumvi mdomoni, haki ya Mungu. Kaburi lake lilikuwa upande wa Gongoni, mwisho wa shamba letu, na kampuni moja ya chumvi ilikuwa imetwaa mashamba ya majirani na kusogeza mabwawa yake mpaka karibu na pale. Nikaelewa kwamba mama anataka nipigane. Nikamsimulia Kabibi ndoto yangu, naye akafungua kesi kwa niaba yangu na majirani wote. Mahali pangu pa kuzikwa nilikuwa nimeshapachagua, ubavuni mwa mama.

Kesi ikalala mahakamani, Kabibi akaenda zake Nairobi. Nikimwona kwenye televisheni akiitaja Gongoni mbele ya Spika, naona kama ni mama yangu anayesema, na machozi yananitoka. Siyafichi.

Mwaka jana akaja, tukaenda pamoja kaburini, mimi na yeye na jirani yetu Kahonzi.

"Baba," akasema. Hakuniita Ziro, nikajua kuna jambo.

Kampuni, akanieleza, ilikuwa imekubali kurudisha mashamba, kila jirani apate hatimiliki yake. Ilikataa kipande kimoja tu cha ufukoni, kilichokwisha kuzungukwa na mabwawa. Kaburi lililokuwa pale ni moja, la mama yangu. Lihamishwe kwa heshima zote, nami nitie dole kwenye hati kwamba nimeridhika. Nisiporidhika, makubaliano yamevunjika.

"Kumbe siasa imekukolea!" Nikafoka kwa hasira. "Makaburi ya watu ulisema ni ushahidi. La kwetu leo limekuwa mzigo? Sitii dole, Mheshimiwa."

Neno hilo lilimchoma, nilimwona. Kahonzi, ambaye nyumba yake ilibomolewa na kampuni na hana pa kujenga nyingine, alitazama chini. Kabibi naye alivua viatu kama zamani, akaketi mchangani, akajilaza ubavuni mwa kaburi na suti yake ya Bunge, pale pale pangu, akafumba macho. Safari ilikuwa imemchosha. Akalala kweli.

Nikakaa. Jua lilikuwa limepiga mabwawa, maji meupe, mbingu nyeupe, sikujua tena kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Hasira ikawa mbali, kama ya mtu mwingine. Nilimtazama mwanangu amelala kando ya jina lake lililochorwa kwenye saruji, na sikuweza kusema yupi alikuwa juu ya mchanga na yupi chini.

Alipoamka hakunitazama. Alitazama miguu yake. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka chini ya mchanga, visigino vimelowa.

"Ziro," akasema taratibu, "miguu yangu inapata baridi."

Lo! Maneno yale nilimpa mimi mwenyewe, na wakili hasahau. Basi sijui kama alisema yeye au alisema mwenye jina. Lakini siku ile niliyasikia. Mtu akikwambia miguu yake inapata baridi, huendi kugombana na maji. Unamtoa majini. Miaka yote mama alikuwa akiomba atolewe pale, na aliyetaka kubaki ni mimi.

Nikalia mbele ya Kahonzi, sikujali. Kisha nikampa Kabibi mkono, nikamwinua, nikampangusa mchanga mgongoni.

"Haya, mayo," nikamwambia. "Twende nyumbani."