Namba za Mwalimu Najiba

Hakuna mwalimu aliyenikera kama Najiba Ghorbel, aliyetufundisha kompyuta pale Sfax, Tunisia, huku akitafuna mkate wake uliopakwa harisa, pilipili ya kusaga, mbele yetu, sisi wenye njaa. Mwaka uliotangulia, akieleza jinsi kompyuta inavyopanga namba, aliandika ubaoni alama za wanafunzi, kati ya ishirini, pamoja na majina yao. Kabla kengele haijalia, mama wa aliyeshika mkia alikuwa keshafika getini, anabwata. Mkuu wa shule akapiga marufuku: alama za mtu ni siri yake.

Kwa hiyo safari hii, nasi tukisubiri matokeo ya mtihani, aliandika namba tupu: 14, 7, 16, 9, 11.

"Tunalinganisha mbili zilizo jirani," akasema. "Kubwa inasogea kulia. Tunarudia mpaka zitulie."

Akafuta, akasogeza, akafuta. Mwisho ubao ukasomeka: 9, 7, 11, 14, 16. Mpaka leo sijui alikosea au alitutega.

Wajdi akaruka kitini. "Mwalimu, umenionea! Tisa yangu umeiweka chini ya saba ya Anis!"

"We mbea!" Anis akamgeukia. "Nani kakwambia nina saba?"

"Kwani uliwahi kupata zaidi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akajipangusa chaki taratibu.

"Hiyo ni miaka ya wajukuu wa dada yangu," akasema. "Mitihani yenu iko mkobani, sijaigusa. Lakini nyinyi wawili, ahsanteni. Mmeshanipunguzia kazi."