Peni Mia kwa Kila Kamba

Nilipoolewa Makwasinyi nikitokea Mbololo, nilijiona msomi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na mama mkwe wangu hakujua hata kuandika jina lake. Hayo niliyasema moyoni tu, na nashukuru hayakunitoka mdomoni.

Alikuwa mjane, msusi wa vyondo, na kichwani alikuwa na neno moja: mabati. Goti lake lilikuwa limechoka kupanda mlima kuteka maji, na mwenye paa la mabati hukinga maji ya mvua mlangoni kwake. Kwa hiyo kila alipouza kiondo Voi, alitenga senti kumi kadhaa, zile tulizoziita peni, zenye tundu katikati.

Kwanza alizisugua kwa majivu, akazianika juu ya jiwe, maana peni ikiwekwa na unyevu huota kutu ya kijani. Kisha alizitunga kwenye kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe pajani, mia kamili, akafunga kwa fundo lile lile la kuanzia kiondo. Kamba ikaingia chunguni, ndani ya majivu makavu. Sijaona tena mikono yenye subira kama ile. Mimi ni mtu wa haraka, mboga ikikosa chumvi nakasirika.

Na chumvi ndiyo iliyoniponza. Mwaka wangu wa kwanza pale, yeye akiwa shambani, nilifungua kamba moja nikachomoa peni ya chumvi. Kulirudisha fundo lake nikashindwa, nikafunga la kwangu. Nilijiambia peni nitairudisha. Sikuirudisha.

Baadaye zikaja pesa mpya za Kenya, hazina tundu.

"Hizi nitazitunga vipi?" mama mkwe akaniuliza.

Basi zile mpya akawa anazitumia dukani, na za zamani anaziweka. Hata majirani aliwapa pesa mpya, wao wakampa peni zao. Mimi msomi sikuona kosa lolote, mpaka chifu alipotangaza barazani kwamba pesa za zamani zimebakiza siku chache, kisha hazitakuwa pesa tena.

Lori la kwenda Voi tulilipata siku ya mwisho yenyewe, kila mmoja na kiondo kinachomvunja bega. Zilikuwa kamba ishirini na nane. Karani wa benki alipoziona alishusha pumzi.

"Mama, hizi nitazihesabu saa ngapi? Tunakaribia kufunga."

"Usizihesabu zote, mwanangu. Kila kamba ni mia. Chagua tatu uhesabu. Zikiwa sawa, hizo nyingine zipime kwa mizani."

Karani akakubali. Ya kwanza, mia. Ya pili, mia. Ya tatu aliyoivuta ilikuwa na fundo langu. Aliihesabu mara mbili.

"Tisini na tisa," akasema. "Sasa mama, itabidi nizihesabu zote, na leo hazitaisha."

Mama mkwe aliichukua ile kamba, akalitazama fundo. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu. Akafungua pindo la leso yake, akatoa peni moja katika zile za nauli.

"Nimekosea mimi," akamwambia karani. "Ni macho ya uzee. Ya mia hii hapa."

Karani akacheka, akaleta mizani. Kamba zilizobaki zikawa na uzito ule ule, moja baada ya nyingine, hata akawaita wenzake waje kuona. Mama mkwe alipokea noti zake, akaomba pia arudishiwe kamba zake tupu.

Kwenye lori la kurudi nilikuwa nalia.

"Mama, ile kamba ya tatu…"

"Niliiona," akasema. "Fundo lako linateleza."

Jioni ile, kabla hatujala, alinikalisha chini na kamba ile ile mkononi. Alilifunga fundo lake na kulifungua mara nyingi, polepole, mpaka vidole vyangu vikalishika. Hakuitaja peni, wala hakuniuliza ilikwenda wapi.

Mabati yaliezekwa kabla ya vuli. Iliyofuata ilikuwa akiba ya kununulia pipa la maji. Zile pesa zisizo na tundu tulizipanga na kuziviringisha ndani ya karatasi za sukari, hamsini hamsini, tukazifunga kwa katani. Yeye alihesabu, na mafundo yote akaniachia mimi.