Mkongojo Kando ya Kibanda

Kila asubuhi mzee mgeni alikuja peke yake kwenye kibanda cha Grażyna, pale uwanjani Krakow, akanunua mkate mmoja wa duara wenye tundu katikati na kuuvaa mkononi kama bangili, kwa sababu mkono mmoja ulishika mkongojo na wa pili kamera. Kabla ya kuvuka barabara aligonga mawe mara mbili kwa mkongojo, kama anayebisha hodi. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Kipolandi chake kiliishia kwenye salamu. Grażyna, mama wa kuhofia hata watoto wa wenzake, alimfuata kwa macho mpaka apotelee kwenye watu.

"Shoga, kwani umemzaa wewe?" Renata muuza maua alimtania.

Leo mzee, mkate wake mkononi, aliuegemeza mkongojo kwenye kibanda, akaonyesha mnara wa kanisa, kisha akatembeza vidole viwili hewani kama anayepanda ngazi.

"Usithubutu, babu! Ngazi zile zinawaliza vijana!" Grażyna alimkemea.

Mzee akacheka, akaenda bila mkongojo wake. Tangu hapo Grażyna aliuza mikate bila kuwatazama wateja, macho yote mlangoni mwa mnara. Saa sita mchana tarumbeta inayopigwa mnarani kila saa ililia kule juu kama kawaida, na mpigaji akatoa mkono dirishani kuwapungia watu. Kando yake ukatokea mkono mwingine, umevaa mkate.

"Yule pale, Renata! Babu yangu yule!"

Grażyna akaunyakua mkongojo, akaupunga juu kabisa, mpaka mkate nao ukapungwa kumjibu.