Askari na Jirani Yake wa Kitanda

Kazi yangu ni kufundisha cherehani katika makao ya vijana, na katika wasichana wote waliopita mikononi mwangu sijaona mwenye mashaka kama yule tuliyemwita Askari. Miaka kumi na tano, mwembamba, macho hayatulii. Ukimpa kitambaa kizuri anakigeuza mara mbili, kisha anakuuliza utamdai nini. Alikuwa akinikera, sifichi. Lakini huko alikolelewa, kwa mjomba wake, kila zawadi ilifuatwa na kipigo, au na jambo baya kuliko kipigo, kwa hiyo alijifunza kukaa chonjo.

Mlezi mkuu, ambaye sote tulimwita Mama, akamletea jirani wa kitanda katika chumba chake cha vitanda viwili: binti mkimya aliyehamishwa kutoka makao mengine. Wenzake wakamwita Mgeni, na jina likamganda. Huyo Mgeni akaanza wema usioombwa. Mara amtandikie Askari kitanda, mara amwanikie nguo. Askari akaniambia waziwazi kwamba huyu ana lake jambo. Mtu hatandiki kitanda cha mwenzie bure, anapekua. Nikamwambia aache maneno. Akanitazama kana kwamba na mimi nimo kwenye njama.

Basi akachukua uzi wangu wa cherehani, bila kuomba, akaufunga kwenye kopo alilolificha chini ya godoro, ili ajue likiguswa. Ndani ya kopo mlikuwa na wembe. Siku moyo ukimlemea alijichanja nao, na sisi watu wazima hatukujua lolote.

Asubuhi moja alitoka kuoga akakuta uzi umekatika na wembe haupo. Machale yakamcheza. Alikwisha kuona kitakachofuata: Mgeni atampelekea Mama ule wembe, yeye ataitwa mwendawazimu, atafungiwa hospitali. Watoto walioumizwa ndivyo walivyo, huwahi kupiga kabla hawajapigwa. Akakimbia kwa Mama, akasema Mgeni ni mwizi, kamwibia hereni za marehemu mama yake kutoka kwenye kopo lake. Hereni hizo hazikuwahi kuwepo duniani.

Mama akawaita wote wawili darasani kwangu, maana ndiko kwenye mlango unaofungika vizuri. Akamwuliza Mgeni kama amechukua kitu kwenye lile kopo. Mgeni akamtazama Askari, akajibu ndiyo, amechukua hereni, na amezitupa chooni.

Nilikasirika kweli. Mama akamwambia afungashe, gari litamrudisha alikotoka siku hiyohiyo. Mwizi hakai kwetu.

Mwingine angeshangilia. Askari ndiyo kwanza wasiwasi ukamzidi. Mtu anakubalije kuiba kitu ambacho hakipo? Huu ni mtego gani? Akamfuata chumbani kwao, nami nikamfuata yeye, nikihofia watashikana mashati.

"Wembe umeupeleka wapi?" Askari akauliza.

Nikabaki mlangoni; habari za wembe ndiyo kwanza nazisikia.

"Nimeutupa chooni. Hapo sikudanganya."

"Mbona hukumwambia Mama?"

"Siri ni yako, siyo yangu."

"Sasa unataka nini kwangu?"

Mgeni aliendelea kukunja gauni lake. "Kule nilikokuwa, jirani yangu wa kitanda alikuwa na wembe kama wako. Nikanyamaza, nikasema yatapita. Asubuhi wakaja kutoa godoro lake. Sitaki kulala tena karibu na kitanda kitupu. Basi, hakuna kingine."

Askari alimkagua usoni akitafuta uongo, kama alivyozoea kututafutia sote. Alimkagua kwa muda mrefu, mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Kisha akanipita pale mlangoni, akaenda moja kwa moja ofisini.

Nilimkuta mbele ya meza ya Mama, amepandisha mkono wa blauzi hadi juu ya kiwiko. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Hereni hazikuwepo, Mama," alisema. "Usimwondoe. Nikibaki peke yangu mle chumbani, sijiamini."