Definitely ya Karani

Asubuhi za mtaa wetu zilinuka sabuni. Viwanda vya Industrial Area vilikuwa ng'ambo ya reli, na upepo ukigeuka, harufu ya mafuta yanayochemshwa iliingia katika vyumba vyetu vya kanjo, nyumba za baraza la mji, ikakaa hadi kwenye uji. Baba alikuwa mpagazi wa reli, mama alifua nguo za watu kwenye mfereji wa pamoja. Mimi, kifungua mimba wao, nilikuwa nimemaliza darasa la nne nikiongoza kwa Kiingereza. Sisemi haya kwa majivuno. Hicho Kiingereza ndicho kilichoniponza.

Shule yetu iliishia darasa la nne. Kupata la tano ilibidi mzazi azunguke na mtoto akigonga milango. Mama aliazima viatu vya jirani, akanishika mkono, tukaanza na shule ya kanisa. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani, alikitazama kitabu chake muda mrefu. "Sitakudanganya, mama. Labda. Imebaki nafasi moja. Mlete Jumatatu asubuhi nimpime kusoma, ndipo nitajua." Kutoka hapo tukaenda shule kubwa ya barabarani. Huko tulimkuta karani aliyevaa tai, anakunywa chai. Hakufungua kitabu chochote. "Definitely, mama," akasema. "Certainly! Surely, mtoto kama huyu?" Akapuliza chai yake.

Njiani mama akaniuliza, "Hiyo definitely ni nini?" Kwetu Magharibi, walikotoka wazazi wangu, hata kesho hatuitaji bila kuongeza "tukiamka". Mtu mzima akikuahidi neno tupu, bila kumtanguliza Mungu, basi huyo ameapa. Nikamjibu kifua mbele, "Ni lazima, mama. Ni kama amekula kiapo." Watoto wa mtaa tulilitumia hivyo hasa: ukisema definitely mpira haukukugusa, kisha ijulikane ulikugusa, hukucheza nasi wiki nzima. Mama akapiga vigelegele hapohapo barabarani. Jumatatu ilipofika hakunipeleka kwa yule wa labda. "Nimsumbue mama wa watu kwa nini, na mwanangu ana shule? Nafasi hiyo aipate mwingine." Alisema kwa roho safi kabisa.

Siku ya kufungua shule majina yalisomwa uani. Jua likapanda, likatuchoma, langu halikusomwa. Mama akamfuata karani, akamkumbusha. "Kwani niliandika mahali?" akauliza yule bwana. "Lakini mwakani, definitely." Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimwinulia mtu sauti, akapaaza yake: "Baba, si uliapa?" Makarani wenzake wakaangua kicheko. Tulikimbia hadi shule ya kanisa, viatu vya jirani mkononi. Yule mwalimu alivua miwani. "Jumatatu ile niliwangoja hadi saa sita," akasema. Nafasi ilikuwa imekwenda. Mwaka uliofuata nilikuwa mferejini nikifua kando ya mama, na darasani sikurudi tena.

Watu huniambia nimsamehe yule karani, ni zamani. Simsamehe. "Sijui" ingemgharimu nini? Angetamka hivyo tu, Jumatatu ningekuwa mbele ya yule mwalimu, nasoma.

Leo maneno hayo yamejaa mtaani kama vumbi. Fundi wa bomba anakuja kesho, definitely. Maji ya ploti tunayopanga yatarudi, certainly. Mwezi uliopita mjukuu wangu Nekesa alikuwa akimtafutia binti yake shule hapa Huruma. Akapigia shule moja simu, akaikata anachekelea. "Wamesema definitely kuna nafasi!" Nikamwambia avae viatu. "Ai, shosho! Siku hizi watu huongea tu hivyo." Ndiyo maana twende, nikamjibu, na mtoto tumchukue.

Ofisini tulimkuta msichana mpole wa kucha ndefu. "Surely, shosho, huniamini?"

"Sikuamini, mwanangu. Kama hujui, sema hujui, nami nitakushukuru. Kama unajua, liandike jina lake nikiona."

Akaigeukia kompyuta yake, akatafuta, na uso ukamshuka. "Darasa limejaa," akasema polepole.

Nekesa akaanza kulia. Mimi nilimshukuru yule msichana, na nilimaanisha, kisha nikamshika kitukuu changu mkono. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulikuwa na siku nzima ya kugonga milango.